Waya Katika Tundu la Kushoto

"Usikiri leo," alisema Biubwa. "Mwambie hakimu unaomba kesi iahirishwe. Hilo tu."

Hénock hakuinua kichwa. Alikuwa upande wa pili wa nondo, kwenye benchi la saruji, katika mahabusu iliyo chini ya jengo la mahakama. Alivaa sweta lile lile alilokamatwa nalo. Fundi umeme huyu wa Bukavu, aliyefufua friji za nusu ya mtaa wa Hillbrow, alikuwa amekonda hadi shingo inacheza ndani ya kola. Baridi ya Julai ilipanda kutoka sakafuni na kuwaingia wote wawili miguuni.

"Mama Biubwa, kuomba siku ni kwa mtu mwenye mashaka," alisema. "Miye sina mashaka tena. Polisi balinionyesha foto."

"Nieleze upya, kama vile sijawahi kusikia."

Biubwa alikuwa Mzanzibari wa makamo. Miaka mingi alikagua madai ya moto katika kampuni ya bima, na sasa alifanya upelelezi kwa niaba ya Wakili Karimu wa Fordsburg, aliyekuwa akimtetea Hénock. Kazi ya bima ilimfundisha kwamba mwongo huongeza habari kila anaporudia. Maelezo ya Hénock yalikuwa yale yale siku zote, na kila mara aliyatoa kwa sauti ndogo zaidi.

"Bwana Suhaib aliniita nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Emmarentia," alisema Hénock. "Mule ndani iko boila ya gesi, inapasha maji, maji yanapita ku redieta za vyumba. Pembeni ya boila kuna kisanduku cha kupokea amri. Mtu anazungusha kidude cha sebuleni, kisanduku kinasikia, kinaambia boila iwake au izime. Kile cha zamani kilikuwa kinapoteza mawasiliano. Bwana Suhaib alinunua kipya, cha kuamrisha kwa simu. Nikatoa cha zamani, nikafunga kipya. Ni hivyo tu."

"Nyaya."

"Mbili za umeme. Mbili za kwenda ku boila. Ya kwanza inaingia tundu la katikati. Ya pili inaingia la kuume. Ukiiweka kuume, boila inalala mpaka iamrishwe. Ukiiweka kushoto, inakuwa kinyume: inawaka yenyewe muda wote."

"Na wewe uliiweka wapi?"

"Kuume. Ndivyo nilikuwa najua. Lakini umeme ulikatika katikati ya kazi. Nikamaliza na tochi. Sikuweza kujaribu. Nikamwambia Bwana Suhaib asiwashe kitu mpaka nirudi baada ya siku mbili. Tena wapaka rangi wa ukuta walikuwa wamefunika bomba la moshi kwa nje na nailoni, ili rangi isiingie. Nikamwambia, ile nailoni itoke kwanza."

"Ilitoka?"

"Polisi walikuta bomba wazi. Iko ku foto pia." Sasa alimtazama. "Nyingine ni ya kisanduku, kifuniko kimetolewa. Waya uko kushoto, mama. Umeme uliporudi, boila ikawaka yenyewe, ikawaka bila kupumzika, ikatema sumu, na mama yake Bwana Suhaib akalala nayo, hakuamka. Mikono ni yangu. Nani mwingine aligusa?"

Askari wa zamu aligonga nondo kwa funguo.

"Nipe leo tu," alisema Biubwa akiinuka.

Hénock hakuahidi.

Juu, mlangoni mwa mahakama, mkewe Célestine alikuwa amesimama na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitenge. Alikuwa msusi, na saluni ilikuwa imefungwa tangu mumewe akamatwe. Aliutazama tu uso wa Biubwa, kisha akageukia barabara.

Biubwa aliendesha kupita Newtown, akasimama kwenye kila roboti, taa ya kuongozea magari, iliyokuwa ikifanya kazi na kupenya kwa tahadhari zile zilizozimika, hadi akafika Emmarentia. Mlinzi, Mzee Duni, alimfungulia geti. Alikuwa mtu wa Tanga kama wenye nyumba, mrefu, amevaa koti la jeshi na kofia ya sufi. Alimwamkia bila kumwangalia usoni.

Suhaib alimpokea sebuleni. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Fordsburg, mwana pekee wa marehemu Bi Ummi. Macho yake yalikuwa mekundu na ndevu hazikuchongwa.

"Bi Biubwa, karibu. Sina pingamizi. Angalia utakacho," alisema. "Ingawa sijui unatafuta nini. Kilichotokea kinajulikana."

"Kazi ya wakili, mdogo wangu. Lazima mtu aone kwa macho yake."

Boila ilikuwa katika chumba chembamba nyuma ya chumba cha kulala cha Bi Ummi. Mlango ulioviunganisha vyumba hivyo viwili haukufungika vizuri, chini yake kulikuwa na mwanya wa kupita kidole. Biubwa alizima umeme kwenye swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme, ndipo akakifungua kisanduku cheupe kilichokuwa ukutani.

Waya ulikuwa kushoto.

Alikaa akiutazama. Moyoni alikuwa ametumaini kwamba picha ya polisi ilipigwa kwa pembe mbaya, au kwamba mtu amesoma vibaya herufi za matundu. Haikuwa hivyo. Waya wa kahawia ulizama katika tundu la kushoto, skrubu imekazwa juu yake. La kulia lilikuwa tupu.

Akaenda kwenye boila yenyewe. Tangu mwanzo alikuwa na dhana kwamba chuma chake cha ndani kimepasuka kwa uzee, na kwamba fundi yeyote angekamatwa kwa bahati mbaya ile ile. Alifungua kifuniko, akapitisha tochi na kioo kidogo kila mahali. Hakukuta ufa wala masizi yaliyovuja kwenye maungio. Boila ilikuwa kongwe, lakini nzima. Dhana yake ya pili ikafa hapo.

Alirudi kwenye kisanduku kwa kukosa pa kwenda. Akalegeza skrubu ya kushoto na kuuvuta waya polepole. Shaba yake ilikuwa imebanwa mahali pawili. Alama moja ilikuwa ya kina, pana, ya mtu aliyekaza kwa nguvu ya fundi. Nyingine ilikuwa hafifu, na ndiyo iliyokaa chini ya skrubu ile. Akamulika tundu la kulia lililokuwa tupu. Ncha ya skrubu yake iling'aa rangi ya shaba.

Waya ulikuwa umewahi kukaa kulia. Lakini lini? Mwendesha mashtaka angesema Hénock mwenyewe aliuweka kulia kwanza, akababaika gizani, akauhamishia kushoto. Na Hénock angeitikia kwa kichwa.

Biubwa aliingia chumba cha kulala, akaketi kwenye kiti cha marehemu na kutoa simu. Mdogo wake Bi Ummi, Bi Mayasa wa Tanga, alikuwa amemtumia Biubwa ujumbe wa sauti wa mwisho aliotumiwa na dada yake jioni ya kifo. Biubwa alikuwa ameusikiliza mara nyingi, kila mara akitafuta dalili za sumu: kizunguzungu, kichwa kuuma, maneno kuvurugika. Hazikuwamo. Sasa aliusikiliza tena, katika chumba kile kile.

"Mayasa mdogo wangu, niko hapa nimejikunyata kama paka," ilisema sauti ya kizee, nzima, yenye kicheko ndani yake. "Umeme ulirudi tangu adhuhuri, lakini nyumba ni jokofu. Redieta nimezigusa zote, baridi kama maiti. Eti siku hizi joto linakaa kwenye simu ya Suhaib. Nimejifunika mablanketi mawili, na sasa namngoja aniwashie..."

Biubwa alisimamisha ujumbe, akaurudisha nyuma, akausikiliza tena.

Umeme ulirudi adhuhuri. Kama waya ungekuwa kushoto, boila ingewaka yenyewe tangu saa hiyo, na kufikia jioni Bi Ummi angekuwa anafungua madirisha kwa joto. Redieta zilikuwa baridi. Kwa hiyo jioni ile, Hénock akiwa ameshaondoka tangu jana yake, waya ulikuwa kulia, mahali pake. Mtu aliuhamisha baadaye.

Akatoka nje, akazunguka nyumba. Ukuta wa nyuma ulikuwa na rangi mpya, ya maziwa. Bomba la moshi lilichomoza kimo cha kifua, na kulizunguka palikuwa na duara la rangi ya zamani, kingo zake safi kama zilizokatwa kwa wembe. Hapo ndipo utepe wa wapaka rangi ulipobandikwa. Biubwa aliinama, akapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba, upande wa chini usioonekana kirahisi kwenye picha. Kidole kiligota kwenye kitu kigumu. Akakibandua kwa kucha: tone la nailoni iliyoyeyuka, nyeusi kwa moshi.

Nailoni haiyeyuki kwa jua la Julai. Boila iliwaka bomba likiwa limefunikwa, na moshi, ulipokosa njia, ulirudi ndani.

"Mzee Duni," alisema bila kugeuka, kwa kuwa alikwisha kusikia hatua nyuma yake. "Nailoni iliyokuwa hapa aliitoa nani?"

"Bibie, mimi karatasi zangu za kukaa nchi hii unazijua zilivyo."

"Sikuulizi karatasi."

"Asubuhi ile nilisikia ukelele ndani. Nikakimbia huku nyuma. Nikamkuta Bwana Suhaib anaichana kwa mikono, analia kama mtoto. Ilikuwa imechanika sehemu, imeungua. Baadaye akaingia ndani. Ndipo akaita polisi."

"Utayasema hayo mahakamani?"

Mzee Duni alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nimekwambia wewe, bibie. Mwingine sitamwambia," alisema, akarudi getini.

Suhaib alikuwa bado sebuleni, ameketi chini ya saa ya ukutani ya mama yake, mikono katikati ya magoti. Biubwa alivuta kiti akakaa mbele yake, karibu, kama mtu aliyekuja matangani.

"Jioni ile mama alikupigia simu," alisema.

"Alinipigia kila siku."

"Alikwambia anasikia baridi."

"Wazee husikia baridi."

"Uliiwasha boila kwa simu, Suhaib."

"Boila iliwaka yenyewe. Waya uliwekwa vibaya, umeona mwenyewe."

"Nimeona. Sasa nisikilize. Waya ukiwa kushoto, kila kitu kinageuka. Ukiamrisha joto, boila inazima. Mama alipokupigia redieta zote zilikuwa baridi, sauti yake ninayo. Waya ulikuwa mahali pake. Mtu alibonyeza simu, boila ikatii. Na hii," akafungua kiganja, "nimeitoa kwenye mdomo wa bomba."

Suhaib alilitazama lile tone jeusi. Kisha akajifunika uso kwa viganja na sauti ikatokea kati ya vidole.

"Aliniambia, Suhaib mwanangu, baridi inanila mifupa. Dukani kulikuwa na watu, nikaibana simu kwa bega huku napima kitambaa. Nikamwambia, dakika moja tu mama, joto linakuja. Nikabonyeza. Akaniombea dua." Alivuta pumzi. "Nailoni ilinitoka kichwani. Hénock aliniambia, nami nikamwambia sawa, na ikanitoka kabisa. Nilikwenda nyumbani kwangu nikalala. Nilifurahi kwamba kile chombo kinafanya kazi."

"Na waya?"

"Siku ile alinionyesha anavyofunga. Alinimulikia tochi, akasema huku ni sawa, huku ni hatari. Alikuwa anataka nielewe." Aliteremsha mikono. "Sikutaka kumfunga mtu, Bi Biubwa. Wallahi. Nilitaka tu isiwe mimi."

"Na kile chombo? Kumbukumbu zake?"

"Nilifuta kila kitu. Nikakianzisha upya."

"Basi njoo nami. Sasa hivi. Hénock yuko mahakamani, hajasomewa mashtaka. Ukisema haya mbele ya wakili, anarudi kwake leo."

Suhaib aliinuka. Biubwa angeweza kuapa baadaye kwamba aliinuka kweli, kwamba alitazama huku na huku akitafuta funguo za gari na hata akazishika. Simu ya Biubwa ikalia. Alikuwa Wakili Karimu, na kwa kuwa bado alishika lile tone kiganjani, Biubwa aliweka sauti ya nje.

"Amekiri," alisema Karimu. Nyuma yake kulisikika watu wengi koridoni. "Nilimvuta sweta, hakunisikia. Kesi ilipoitwa tu akasimama akasema, ni mimi. Hakimu amemtia hatiani. Hukumu itasomwa wiki ijayo. Biubwa? Upo?"

"Nipo."

"Kama una kitu, njoo nacho. Kukiri kunaweza kufutwa kabla ya hukumu, lakini lazima aombe yeye mwenyewe, kwa sahihi yake."

Biubwa alikata simu. Suhaib alikuwa amesimama palepale. Funguo alikuwa amekwisha kuzirudisha mezani.

"Kwa hiyo imekwisha," alisema polepole.

"Haijaisha. Ndiyo kwanza unahitajika."

"Amekiri mwenyewe. Mbele ya hakimu. Hakuna aliyemlazimisha." Sauti yake ilikuwa imebadilika, si ya hila, bali ya mtu aliyepewa blanketi naye akijifunika haraka kabla hajanyang'anywa. "Mimi nina huzuni, Bi Biubwa. Mtu mwenye huzuni husema mengi. Wewe umenikuta katika matanga, ukanitia maneno mdomoni. Nikiulizwa, nitasema hivyo."

"Suhaib. Mtu huyu ana mke."

"Na mimi nina khala yangu Mayasa kule Tanga, nina watoto. Nitawaambia nini? Kwamba bibi yao nilimuua kwa kidole?" Alifungua mlango. "Naomba uondoke."

Biubwa alifika mahakamani kabla ya adhuhuri kwisha. Karimu alikuwa tayari ameandaa ombi la kufuta kukiri. Alisikiliza maelezo yote koridoni, akalifikiria lile tone la nailoni, alama mbili za shaba na sauti ya marehemu.

"Si mengi," alisema, "lakini yanatosha kumfanya hakimu asite. Kinachotakiwa ni sahihi yake."

Hénock alikuwa amelala kwenye benchi la saruji. Iliwabidi wamwite mara mbili. Alipoketi, uso wake ulikuwa mtulivu kwa namna ambayo Biubwa hakuipenda.

Alimweleza kila kitu, kwa mpangilio, bila kuruka kitu: alama za waya, redieta zilizokuwa baridi, nailoni, Mzee Duni, maneno ya Suhaib. Hénock alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya kanisa lisilo lake.

"Bwana Suhaib amesema hivyo?"

"Amesema."

"Atarudia kusema?"

"Hapana."

Hénock alitikisa kichwa kwa upole. "Célestine njo yeye amekutuma. Alikuomba unitafutie maneno ya kunitia nguvu."

"Hénock, uliuweka kulia. Kazi yako ilikuwa sawa. Nimeona shaba kwa macho yangu."

"Na miye nimeona foto kwa macho yangu." Hakuwa na hasira. "Mama, mtoto anamwua mama yake kwa kumpasha joto? Halafu anakuja hapa kortini, anakaa mbele, analia, ananitazama? Siwezi kuamini kitu kama hicho juu ya mtu. Juu yangu naweza. Najua kulikuwa giza. Najua nilikuwa na haraka."

Karimu alipitisha karatasi na kalamu kati ya nondo. "Saini tu, ndugu yangu. Kuamini tutaamini baadaye."

Hénock aliichukua karatasi. Aliisoma yote, midomo ikicheza, akiifuata mistari kwa kidole. Biubwa alijikuta amekamata nondo.

"Kila asubuhi nilikuwa napiga magoti hapa chini," alisema Hénock, "nikimwomba yule bibi msamaha. Alikuwa hanijibu. Leo nimesema mbele ya watu wote kwamba ni miye. Nikashuka huku, na usingizi ukanichukua. Mumenikuta nimelala, mumeona. Usingizi wa kwanza tangu siku ile." Akairudisha karatasi chini ya nondo, na kalamu juu yake. "Sasa munataka nimwambie sikumaanisha?"

"Nataka utoke humu!" Sauti ya Biubwa iligonga kuta, na mahabusu wengine wakanyamaza. "Nataka ukalale kwako!"

"Asante, mama. Kweli, asante. Umejichosha sana kwa ajili yangu."

Askari wa zamu alisema muda umekwisha, gari la gereza limefika.

Juu, Célestine alikuwa palepale, bakuli bado mkononi. Chakula kilikuwa kimekataliwa mlangoni. Biubwa alimsimulia kwa maneno machache, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuyapamba. Célestine alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakuua," alisema.

"Hakuua."

"Na yeye hataki kujua."

"Haamini. Labda wewe ungemwambia..."

Célestine hakungoja amalize. Aliteremka ngazi akikimbia, kitenge kikimfunguka, akazunguka kona ya jengo hadi kwenye geti la nyuma. Lori la gereza lilikuwa linatoka. Aligonga ubavu wake kwa kiganja, akaliita jina la mumewe, akakimbia nalo sambamba akipaza sauti, kwa Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa kwa pamoja, kwamba ni kuume, Hénock, uliweka kuume, uliweka kuume. Matundu ya lori yalikuwa juu sana, yamezibwa kwa wavu. Lilipinda barabarani bila kupunguza mwendo.

Biubwa alimfikia akiwa amesimama katikati ya njia, magari yakimpigia honi kutoka pande zote mbili.

"Amenisikia?" Célestine aliuliza, akihema. "Mama, wewe ulikuwa nyuma, uliona. Amenisikia?"

Biubwa alimshika mkono, akamwondoa barabarani.